Antena Zako Ziko Wapi? Maneno kwa Wanaojiundia Kompyuta ya Kwanza ya Gemu

Nilizungumza haya kuhusu Wi-Fi Jumamosi iliyopita hapa Arusha, mbele ya vijana wanaojiundia kompyuta za gemu na baadhi ya wazazi waliowasindikiza. Waliokosa wameomba maandishi, nami nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Niwaombe radhi kwa kuchelewa. Mmeshuhudia wenyewe: projekta hii imeandikwa ubavuni kwamba inaunganishwa bila waya, nami nikaiamini, waya nikauacha nyumbani Kaloleni. Robo saa nzima nimehangaika nayo. Inaniona, hainioni, inaniona, imeganda. Basi picha nilizoandaa hamtaziona, na somo la leo limeanza kabla sijafungua mdomo.

Somo ni hili. Umekusanya vipande vyako mwaka mzima. Prosesa imetoka Kariakoo kwa basi. Kadi ya picha kaja nayo binamu kutoka Nairobi, akailipia ushuru pale Namanga, natumaini. Pawa sapulai umemweleza mama mara tatu kwa nini kisanduku kile cha umeme kinauzwa bei ya mbuzi. Halafu siku moja kabla ya kukaza skrubu ya mwisho unakumbuka: intaneti itaingilia wapi? Unachukua kilichobaki mfukoni, unakwenda dukani, unaomba "kile cha Wi-Fi". Muuzaji anakupa kile cha Wi-Fi. Ndivyo, sivyo? Naona vichwa vinainama.

Nawauliza swali. Ukiwa katikati ya mechi, gemu linakula intaneti kiasi gani? Sema, wewe wa fulana nyekundu. Megabiti ishirini kwa sekunde? Mwingine? Hamsini? Wadogo zangu, magemu mengi ya mtandaoni yakishaanza mechi hayafiki hata megabiti mbili, na mengi hayafiki moja. Video anayotazama mdogo wako sebuleni inakula mara kadhaa ya hapo. Gemu ni mlaji mdogo, lakini linataka kula kwa wakati wake, bila kucheleweshwa. Chukueni gemu la risasi, Counter-Strike 2: seva yake, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo, inahesabu hali ya mchezo mara 64 kwa sekunde. Yaani kila milisekunde 15 na ushei inataka kujua uko wapi na unatazama wapi. Kifurushi chako, yaani kipande kidogo cha data kinachobeba habari zako, kikichelewa, seva haikungoji, inaendelea na wenzako. Ndiyo maana unakufa nyuma ya ukuta, ukapiga meza, ukasema jamaa anaiba.

Kwa hiyo gemu halikuombi mtandao mpana. Linakuomba mtandao mtulivu. Upana utautaka siku ya kupakua, hapo sawa. Gemu la gigabaiti 100 kwa mtandao wa megabiti 20 linachukua muda wa saa kumi na moja na dakika chache, unaliacha usiku unaamka nalo. Lakini kupakua hakujali kigugumizi cha nusu sekunde. Mechi inajali.

Kuna chalii mmoja wa Sombetini alinijia na boksi la kadi ya Wi-Fi limeandikwa AX3000, anang'ara kama amenunua pikipiki. Nyumbani kwao intaneti wanayolipia ni ya megabiti 20. Nikamuuliza, hizo elfu tatu utazitoa wapi? Akasema zimo humu. Basi nikamfungulia karatasi ya ndani. Zile elfu tatu ni megabiti 574 za bendi (njia ya mawimbi) ya gigahezi 2.4, zikajumlishwa na 2,402 za bendi ya gigahezi 5, jumla ikasukumwa juu kidogo ipendeze. Na kompyuta yako haitumii bendi zote mbili kwa pamoja, inachagua moja. Ni sawa na dereva wa daladala akuambie gari lake linakimbia 160, kwa sababu linakwenda Usa River kwa 80 na kurudi kwa 80.

Ile kadi haikuwa mbaya, nasema kweli, ilikuwa nzuri. Ila aliilipia namba, na namba haikuwa shida yake.

Shida yake ilikuwa nini? Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

Safari ya kifurushi chako ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye mashine hadi kwenye rauta ya nyumbani, labda mita nane. Kipande cha pili ni kutoka kwenye rauta hadi kwenye seva, na kwa wengi wetu seva ya karibu iko Johannesburg. Kutoka hapa hadi Johannesburg, ukiruka kama tai, ni kama kilomita 2,700. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za faiba unakwenda takriban kilomita laki mbili kwa sekunde. Piga hesabu ya kwenda na kurudi: milisekunde 27. Hizo ni za tai, na faiba si tai. Inashuka kwanza Dar es Salaam, inaingia baharini, inapita kwenye vituo vya watu. Hakuna kadi ya Wi-Fi duniani, hata ingetengenezwa na malaika, itakayokupa pingi ya 10, yaani milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na Johannesburg. Akikuuzia mtu kwa ahadi hiyo, mwambie asante, toka dukani.

Kadi inatibu kipande cha kwanza peke yake. Basi kabla hujanunua, pima ni kipande kipi kinaumwa. Hapa ndipo nilikuwa na picha nzuri sana, lakini tuendelee. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya rauta yako, mara nyingi inaanza na 192.168. Kisha andika ping, nafasi, anwani hiyo, nafasi, kistari na herufi t. Iache izunguke dakika tano, usiku, saa ambazo nyumba nzima iko mtandaoni. Fungua dirisha la pili, fanya hivyo hivyo na anwani ya nje, 8.8.8.8 inatosha. Tazama madirisha yote mawili.

La kwanza likisema milisekunde 2, 2, 3, 2, 4, na la pili likisema 60, 300, 70, limekatika, basi Wi-Fi yako ni nzima. Ugonjwa uko nje ya mlango wako. Hata ukinunua kadi tano hutapona. Lakini la kwanza likisema 3, 4, 180, 3, 95, limekatika, hapo sasa tuzungumze, maana ni mita nane tu hizo na tayari zimekushinda.

Yule chalii wa Sombetini tulipompimia, dirisha la kwanza lilikuwa linasoma vizuri kabisa. Mdogo wake alikuwa anapandisha video kwenye simu kila jioni, na video ikipanda, rauta yao ilijaza foleni, vifurushi vya gemu vikakaa nyuma ya foleni kama bodaboda nyuma ya lori la mchanga. Tuliingia kwenye mipangilio ya rauta tukapunguza kasi ya kupandisha ya ile simu. Kwisha. Kadi mpya alirudi nayo nyumbani kama pambo.

Sasa tuseme dirisha la kwanza ndilo linaumwa. Kwa nini?

Wazazi, mnajua kikao cha ukoo. Anayesema ni mmoja, wengine wanangoja. Wakisema wawili kwa pamoja hakuna aliyesikika, kila mmoja anarudia. Wi-Fi ni kikao cha ukoo. Hewa ni moja, kila kifaa kinasikiliza kwanza kama kuna anayesema, kikiona kimya ndipo kinasema. Na kuna lingine: yuko yule mzee anayekaa mwisho wa ukumbi, sauti ndogo, maneno polepole, hadithi ya kuuza ng'ombe ataisema nusu saa. Simu ya zamani iliyoko chumba cha mwisho, mawimbi yanaifikia kwa shida, ndiyo yule mzee. Inasema taratibu, na muda inaokula ni wa ukoo mzima, kompyuta yako mpya ikiwemo.

Mbaya zaidi, kwenye bendi ya 2.4 mnakaa koo nyingi kwenye ukumbi mmoja. Bendi hiyo ina chaneli tatu tu zisizokanyagana: 1, 6 na 11. Ukiishi nyumba za kupanga pale Ngarenaro au Levolosi, fungua simu uhesabu majina ya Wi-Fi za majirani. Ongeza spika za Bluetooth, ongeza maikrowevu, vyote viko bendi hiyo hiyo. Bendi ya 5 ina nafasi zaidi na kelele kidogo. Basi wote tuhamie bendi ya 5? Ngoja. Jirani akiwa na sherehe, ukiwa umejifungia ndani unasikia nini? Dunda, dunda. Maneno ya wimbo husikii. Sauti nzito inapita ukutani, nyembamba inabaki nje. Bendi ya 5 ndiyo nyembamba. Ukuta mmoja wa tofali za simenti itapita ikilalamika. Kuta mbili zenye nguzo za nondo, itakuacha. Chumba kile kile cha rauta, au ukuta mmoja, tumia bendi ya 5 bila kufikiri. Zaidi ya hapo, jaribu na simu yako kwanza, palepale mashine itakapokaa, chini ya meza, si juu ya kitanda.

Sasa vifaa vyenyewe. Viko vya namna tatu.

Kuna kidude cha kuchomeka USB. Ni rahisi, kinauzwa kila mahali, nami ndicho nilichoanza nacho mwaka 2016 chumbani kwangu Ngarenaro. Nikakichomeka nyuma ya kasha, kwenye tundu la bluu la USB 3, jirani na hadi-diski ya nje. Kila nikianza kunakili kitu kwenye ile diski, Wi-Fi inakufa. Nikiichomoa, Wi-Fi inafufuka. Nilidhani nimelogwa, si utani. Kumbe kampuni ya Intel walishaandika tangu 2012 kwamba USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4. Dawa ilikuwa waya wa kurefusha wa mita moja, kidude nikakining'iniza kwenye fimbo ya pazia. Kilikaa pale miaka miwili, wageni wakidhani ni dawa ya mbu. Mtu akinunua cha USB, namwambia anunue na waya wake wa kurefusha siku hiyo hiyo.

Kuna kadi ya PCIe, inayoingia kwenye lile tundu fupi la mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Hii naipenda. Lakini kabla ya kulipa, pima kwa rula. Kadi za picha za siku hizi ni nene, zinakula nafasi mbili na nusu, tatu, na lile tundu fupi mara nyingi liko chini yake kabisa. Nimeona kijana ana kadi mbili mkononi na nafasi ya moja. Na kama kadi ina Bluetooth, ndani ya boksi kuna kiwaya chembamba, kinakwenda kwenye pini tisa za USB za mazabodi. Usipokifunga, Wi-Fi inafanya kazi na Bluetooth haionekani, nawe unarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa.

Kuna za tatu, zile ndogo za M.2, zinazoingia kwenye tundu lake dogo la Wi-Fi. Mazabodi nyingine zinakuja nayo tayari, ndizo zenye neno WIFI au herufi AX mwishoni mwa jina. Kama bado hujanunua mazabodi, lipia tofauti hiyo, itakuondolea nusu ya hotuba hii. Nyingine zina tundu tupu, na hapo kuna mtego nauomba muuandike.

Andikeni: AX210. Chini yake andikeni: AX211. Zote za Intel, umbo moja, zinaingia tundu moja, skrubu moja. Jamaa yangu wa Moshi, pale Majengo, aliagiza ya pili kwa ajili ya mazabodi ya prosesa za AMD, washindani wa Intel. Ikaingia vizuri kama ufunguo wa mlango wake. Akawasha. Hakuna kitu. Akabadilisha draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, usiku kucha, akafuta Windows, akaiweka upya. Hakuna kitu. AX211 ni nusu ya kadi, wadogo zangu. Nusu nyingine imo ndani ya prosesa au chipu za mazabodi za Intel zenyewe, basi kwenye AMD haina wa kuzungumza naye. AX210 ni kadi kamili, inakwenda kote. Vivyo hivyo AX200 na AX201: inayoishia na sifuri ni kamili, inayoishia na moja inataka Intel, tena si kila Intel. Tarakimu moja imemlaza macho jamaa yangu siku mbili. Muuzaji alikataa kuirudisha kwa sababu boksi lilishafunguliwa.

Na sasa antena.

Mwaka jana nimeitwa Sakina, mashine mpya, taa za rangi zote, mchezo unaganda. Kijana anasema Wi-Fi inashika vijiti viwili tu na rauta iko chumba cha pili. Nikainama nyuma ya kasha. Nikaona vile vitundu viwili vya rangi ya dhahabu, vyenye nyuzi za skrubu, viko wazi. Nikamuuliza, antena zako ziko wapi? Akanitazama. Antena gani? Tukatafuta boksi la mazabodi, tukaliona juu ya kabati, tupu. Mama yake ndiye aliyekumbuka. Akaita mtoto wa miaka mitano, akaja na kikapu chake cha mapishi, na humo, katikati ya vifuniko vya soda na sufuria za udongo, zimo antena mbili nyeusi. Zilikuwa miiko. Moja bado ina matope ya ugali.

Tukazifuta, tukazikaza kwa vidole. Kwa vidole, si kwa koleo, ukisikia imegoma inatosha. Tukazisimamisha, mgongo wa kasha tukaugeuza usitazame ukuta, kwa sababu kasha ni bati na mawimbi hayapiti bati. Dirisha la pingi likatoka mia na kitu likatulia kwenye tatu. Mtoto akalia. Nikampa vijiti vya kulia wali vilivyokuja na chakula cha Kichina, tukaelewana.

Usicheke sana. Katika mashine kumi mpya ninazoitiwa kwa shida ya Wi-Fi, antena ndilo swali langu la kwanza, na silijutii.

Sasa nimezungumza Wi-Fi nusu saa, niseme ninachofanya nyumbani kwangu. Natumia waya kutoka kwenye rauta hadi kwenye mashine. Waya wa LAN wa daraja la Cat5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100, haugombani na spika ya mtu, na unasema na kusikia kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikataa ukuta kutobolewa, na ana haki, ni ukuta wake. Nikapitisha juu ya dari, nikashuka kwenye kona, mita 25. Ulizeni kama ndani ni shaba tupu, maana kuna za aluminiamu iliyopakwa shaba, zinakatika ukizikunja. Na msivushe waya huo nje kutoka nyumba hadi nyumba. Masika ya hapa mnayajua, radi ikipiga karibu inaingia na waya hadi kwenye kadi yako ya picha.

Na wale mnaotumia rauta ya laini ya simu, nawauliza: kwa nini rauta iko sebuleni? Haina waya wa ukutani ila wa umeme. Ihamishie chumbani, dirishani, upande wa mnara, kisha waya wa LAN wa mita moja hadi kwenye mashine. Sebule ndiyo itumie Wi-Fi. Baba atalalamika kidogo, mwambie mimi nimesema. Samahani, mzee.

La mwisho, usiku wa kwanza. Umemaliza kuunda, unaweka Windows 11, inakudai intaneti ili iendelee, na kadi yako ya Wi-Fi haina draiva, na draiva iko kwenye intaneti. Watu wamelala hapo. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB. Mashine nyingi zitaiona kama waya wa LAN bila kuuliza kitu. Ukishaingia, shusha draiva za Wi-Fi, chomoa simu. Angalia bando tu, Windows ikionja intaneti inaanza kushusha masasisho yake kimyakimya.

Haya, nimeona kuna mtu amekuja na kasha zima kwenye kanga pale nyuma. Wewe na dada yako, leteni hapa mezani, taratibu, mshike chini. Ligeuze nione mgongo. Na boksi la mazabodi umekuja nalo?